Riba, rehani na imani: kabla hujamkopesha mtu

Wengi wakisikia teolojia na uchumi vinatajwa pamoja wanawaza zaka na sadaka basi, wakati ukifungua Biblia utakuta mambo ya mikopo yamewekewa sheria kali kabisa. Kutoka 22 inasema ukichukua vazi la maskini kama rehani umrudishie kabla jua halijazama, sababu ndo hilo hilo atakalojifunika usiku. Kumbukumbu la Torati 24 nayo inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, yaani usimnyang'anye mtu kinachomlisha alafu utegemee akulipe. Kwa leo weka cherehani ya fundi hapo. Hiyo ni teolojia, na ni uchumi wa akili sana.

Kanisa likaenda mbali zaidi. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ulikataza makasisi kutoza riba, na mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano ukaamua wakopeshaji wa riba wanaojulikana wazi wanyimwe komunyo na hata maziko ya Kikristo! Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alisema pesa ni kama divai, ukiitumia imeisha, sasa utamuuziaje mtu divai alafu umchaji tena kwa kuinywa? Ila huyo huyo alikubali mtu aweke pesa kwenye biashara ya mwenzake na ale faida, mradi hatari ya hasara ibaki kwake pia. Kwangu mimi kiini kipo hapa, nani anabeba hasara.

Ndo maana Calvin, kiongozi wa Waprotestanti karne ya 16, aliporuhusu riba hakufungua mlango wote, maskini mwenye shida hakutakiwa kutozwa. Kabla yake, watawa Wafransisko walishaanzisha mfuko Perugia, Italia, mwaka 1462, wanakopesha maskini kwa rehani na kutoza kidogo cha kuendeshea ofisi, wakashambuliwa kweli kweli kwamba nayo ni riba, mpaka Mtaguso wa Tano wa Laterano mwaka 1515 ukawakubalia.

Kwa hiyo vikundi vya kuweka na kukopa makanisani, kabla ya kubishana asilimia ngapi, ulizeni kwanza huyu anakopa mtaji au anakopa matibabu, na mambo yakiharibika nani ataumia. Tozo ya kulipia uendeshaji ina hoja. Lakini penalti inayojirundika juu ya mgonjwa mpaka inazidi deni lenyewe, hiyo mimi sioni mtaguso gani ungeitetea.