Kwa nini boti iliyoteleza asubuhi inagonga mawimbi jioni?

Ukiondoka Capri Point, Mwanza mjini, saa 2 asubuhi kwenda Luchelele, kusini mwa mji, mara nyingi unalikuta Ziwa Victoria limelala. Boti inateleza, chai inakaa kwenye kikombe, na watoto wanauliza mbona safari ni fupi. Saa 10 jioni mnarudi na boti ileile, injini ileile, watu walewale. Safari hii pua inanyanyuka, inaning'inia kidogo hewani, kisha inashuka kwa kishindo. Kabla hujakaa sawa, kishindo kingine. Bibi aliyepewa nafasi ya mbele ili aone mandhari sasa amekishika kiuno.

Watu husema ziwa limechafuka. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine iko chini ya boti, mahali ambapo wanunuzi wengi hawaangalii wanapovutiwa na rangi, viti na ukubwa wa injini.

Tuanze na ziwa. Mchana jua huipasha nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani iliyo baridi zaidi huja kuchukua nafasi yake. Mwanza iko ufukwe wa kusini, kwa hiyo upepo huo wa mchana huingia ukitoka upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi. Anayetoka Luchelele kurudi mjini anaelekea kaskazini. Anakutana nao usoni.

Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani kutoka pande zote, hewa hukutana katikati, hupanda na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku hadi alfajiri, na ndiyo maana kuondoka saa 11 alfajiri ili "kuwahi" si busara kwa safari ya familia. Subiri jua litoke, uitazame anga yote, usome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ndipo uwashe injini.

Wimbi la ziwani lina tabia yake. Wengi hudhani ni kali kwa sababu maji hayana chumvi. Chumvi haihusiki. Kinachohusika ni umbali ambao upepo umesafiri juu ya maji bila kukutana na nchi kavu, na muda uliovuma. Wimbi kubwa la bahari linalofika pwani ya Dar es Salaam huenda limetoka maelfu ya kilomita. Likiwa linapita kila baada ya sekunde 10, basi kule kwenye kina kirefu kilele kimoja kiko takriban mita 156 kutoka kingine. Boti ndogo hupanda na kushuka mlima huo taratibu kama gari kwenye barabara ya vilima. Kwetu, upepo wa kilomita 36 kwa saa uliopita kilomita 20 tu za maji huzaa mawimbi ya kimo cha sentimita 70 hivi, yanayofuatana kila sekunde tatu na nusu, vilele vikiwa mita 19 tu kutoka kimoja hadi kingine. Kimo si cha kutisha. Tatizo ni ule ukaribu.

Hapo sasa hesabu ya mwendo inaingia. Mawimbi hayo yenyewe hutembea karibu kilomita 20 kwa saa. Boti ikiyaendea kwa kilomita 36 kwa saa, inapigwa kila sekunde moja na robo. Ikipunguza hadi 14, inapigwa kila sekunde mbili, na pua inapata muda wa kushuka na kupanda na wimbi badala ya kurukia linalofuata. Nguvu ya kishindo nayo haipungui sawasawa na mwendo. Ukipunguza kasi ya pua kugonga maji kwa nusu, kishindo hubaki takriban robo. Anayesema "kanyaga tufike haraka" anaomba maumivu mara nne.

Sasa pinduka uangalie chini ya boti.

Boti yenye kitako bapa ina mambo mazuri ya kweli. Haiyumbi mkiwa mmesimama kuvua au watoto wanaogelea, inaingia hadi ufukweni, na inapanda juu ya maji, yaani inainuka na kuteleza badala ya kuyasukuma, kwa injini ndogo. Lakini kitako bapa kikishuka juu ya wimbi, eneo lote hugusa maji kwa wakati mmoja. Piga maji kwa kiganja kilichofunguka, kisha uyakate kwa ubavu wa mkono. Tofauti unayoisikia kwenye ngozi ndiyo wanayoisikia abiria kwenye uti wa mgongo.

Kitako cha umbo la V kinakata. Mmarekani Ray Hunt ndiye aliyeonyesha dunia kwamba V inaweza kuachwa kali kutoka puani hadi nyuma kabisa, na mwaka 1960 boti ya umbo lake iitwayo Moppie ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Tangu hapo boti za maji mabaya hupimwa kwa pembe ya V pale nyuma: digrii 0 hadi 5 ni bapa, 12 hadi 18 ni V ya wastani, 20 hadi 24 ni V kali.

Muuzaji akikwambia "hii ni V", pima mwenyewe. Boti ikiwa juu ya trela na imekaa sawa, nenda nyuma, weka rula ndefu kwenye kitako kutoka mkukuni (ule uti wa katikati) kwenda ubavuni, kisha weka juu yake simu yenye kipima usawa. Namba unayosoma ndiyo pembe. Boti nyingi zina pua kali ya kupendeza huku nyuma zikiwa bapa kabisa. Boti ikishapanda juu ya maji, pua iko hewani na inayofanya kazi ni ile sehemu ya nyuma, kwa hiyo pua nzuri pekee isikudanganye.

V kali nayo ina gharama. Inataka injini kubwa zaidi kwa uzito uleule, inakunywa petroli, na ikisimama inalala upande kila mtu anapohama kiti. Familia haisafiri tu. Inasimama, inakula, inaoga. Kwa safari za kutwa kutoka Mwanza, sisi tungechukua V ya wastani ya digrii 16 hadi 18, boti ya faiba yenye urefu wa mita 5.5 hadi 6.5, upana usiopungua mita 2.2, kuta za pembeni zinazomfika mtoto kifuani, na povu la kuelea lililojazwa chini ya sakafu. Boti ya matumbo mawili yaliyounganishwa sambamba (katamarani) hupita laini zaidi kwenye mawimbi mafupi na haiyumbi ikisimama, ila bei yake iko juu, na ikizidishiwa mzigo maji huanza kugonga dari ya uwazi ulio katikati.

Boti za mbao za mialo yetu zinastahili heshima kuliko zinavyopewa. Ni ndefu, nyembamba, zina mkuku na V chini, na kwa injini ya farasi 15 hazijaribu hata kupanda juu ya maji. Yenye mita 8 kwenye maji hufikia kikomo chake karibu kilomita 13 kwa saa, mwendo ambao tumeuona kuwa unafaa kwa mawimbi hayahaya. Udhaifu wake ni kwingine: kuta fupi, hakuna povu la kuelea, na maungio yanayovuja. Maji baridi huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi, kwa sababu chumvi huzuia kuvu. Chomeka ncha ya kisu kwenye mataruma (mbavu za ndani) na kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini. Ikizama kama kwenye mkate, achana nayo.

Hata faiba ina ubao ndani ya sehemu hiyo ya nyuma. Shika injini ikiwa imeinuliwa, itikise kwa nguvu juu na chini. Ubao ukicheza au nyufa zikifunguka kwenye kona, maji yameshaingia ndani. Kisha gonga kitako chote kwa mpini wa bisibisi. Sauti kavu ni nzuri, sauti ya kufifia inaonyesha matabaka yameachana.

Kuhusu injini, jambo moja husahaulika Mwanza. Ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Injini ya farasi 60 inafanya kazi kama ya 53 hivi. Rafadha (pangaboi la injini) iliyochaguliwa kwa ajili ya Tanga inaweza kuwa nzito mno hapa: injini inavuta kwa shida, haifiki mizunguko iliyoandikwa kwenye kijitabu chake, na boti inachelewa kupanda. Badilisha, weka rafadha yenye mkato (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) pungufu kwa inchi moja. Kwa kawaida hiyo huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Gawa petroli mafungu matatu: la kwenda, la kurudi na la dharura.

Mzigo ndio unaoua. Kwa boti ndogo, Wamarekani hutumia hesabu rahisi: urefu mara upana kwa futi, gawa kwa 15, unapata idadi ya watu. Kwa mita, zidisha urefu kwa upana kisha mara 0.7. Boti ya mita 5.5 kwa 2.2 inatoa watu 8, lakini hiyo ni kwa maji tulivu. Kwa safari ya kurudi jioni tungepakia 6, tukiwahesabu na watoto, kwa sababu kuna petroli, barafu, sufuria ya pilau na nanga. Kivuko cha MV Nyerere kiliruhusiwa abiria 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, katika ziwa hilihili, kimebeba zaidi ya mara mbili ya hao, na zaidi ya watu 220 walifariki. Ufukwe kuwa karibu hauokoi chombo kilichozidiwa.

Maji yaliyoingia ndani nayo ni abiria, tena abiria asiyekaa. Sakafu ya mita 5 kwa 1.5 yenye maji ya sentimita 10 imebeba kilo 750, sawa na watu kumi wanaokimbilia wote upande ule boti inapoinamia. Toa maji mapema, usisubiri yafike vifundoni.

Mkiwa njiani na mawimbi yanakuja mbele, shusha mguu wa injini ili pua ikae chini, punguza mwendo, na usiyaendee uso kwa uso. Yakate kwa mshazari wa digrii 30 hadi 45, upande mmoja kisha mwingine. Legeza gesi kidogo kabla ya kilele, ongeza unapopanda linalofuata. Pua ndiyo hupanda na kushuka kuliko sehemu zote, kwa hiyo wazee, wajawazito na watoto wakae theluthi ya nyuma.

Mawimbi yakija nyuma, hatari ni nyingine na ni ya kimya. Yanatembea kilomita 20 kwa saa. Nawe ukienda 20, unaweza kubaki kwenye mteremko wa wimbi lilelile, pua ikazama kwenye mgongo wa lililo mbele, nyuma ikasukumwa pembeni na boti ikalala ubavu. Inua mguu wa injini, kaa mgongoni mwa wimbi la mbele, usilivuke kwa pupa. Kuyapokea ubavuni muda mrefu ni kosa kwa boti yoyote.

Kisha kuna magugu maji. Yakifunika matundu yanayovuta maji ya kupoozea, injini huungua ndani ya dakika chache. Angalia kile kimkondo cha maji kinachotoka nyuma ya injini kila mara unapopita karibu na magugu. Kikikonda au kikikatika, zima hapohapo, inua mguu, toa nyuzi kwa mkono. Zima kweli, usiache inanguruma huku mkono uko kwenye rafadha.

Kila mtu avae jaketi okozi tangu ufukweni, siyo kulikalia. La mtoto huchaguliwa kwa kilo zake. Mvalishe, funga mikanda yote pamoja na ule wa kupita kati ya miguu, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa.

Injini ikizimika kabisa, nanga ishushwe kutoka puani, kamwe siyo nyuma, kwa sababu nyuma ndipo ukuta ni mfupi na injini ni nzito; mawimbi mawili matatu yanatosha kuijaza. Kamba iwe mara 5 hadi 7 ya kina: mita 10 za maji zinataka mita 50 hadi 70 za kamba, ili nanga ivutwe kwa ulalo na ishike tope. Kamba ya mita 15 haitoshi hata pale kina kilipo mita 5.