Si kila osileta iliyokosea sauti ina drifti

Wapenzi wa sintesaiza za analogi, yaani ala zinazotoa muziki kwa saketi za umeme, wamelifanya neno drifti kuwa jibu la kila kasoro. Noti ya juu ikiwa chini kidogo, wanasema drifti. Osileta mbili, yaani saketi zinazozalisha sauti yenyewe, zikipishana oktava ya tatu, drifti. Hata programu za kompyuta zina kitufe cha kuyumbisha noti ovyo ovyo, nacho kimeandikwa jina hilohilo. Anayeumia ni fundi anayeanza, maana anabadilisha vipuri visivyo na kosa.

Drifti ni sauti kuhama kadiri muda unavyopita, hali volti inayoiongoza osileta haijabadilika. Mara nyingi chanzo ni joto.

Trakingi ni habari nyingine kabisa. Ni namna osileta inavyoifuata volti ya kinanda. Katika kipimo alichokieneza mtengenezaji wa sintesaiza Robert Moog miaka ya 1960, volti 1 ikiongezeka, sauti hupanda oktava 1. Osileta yenye trakingi mbaya hukosea leo na kesho kwa kiasi kilekile, kwenye noti zilezile. Hakuna kilichohama.

Tazama osileta ya wimbi la msumeno. Kapasita, kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme, inachajiwa hadi kikomo, kisha inamwagwa ili ianze upya. Kumwaga huko kunachukua muda, na muda huo haupungui noti inapopanda. Tuseme ni mikrosekunde 1. Kwenye hezi 100, yaani mizunguko 100 kwa sekunde, mzunguko mzima ni mikrosekunde 10,000, kwa hiyo sikio halitambui. Kwenye hezi 5,000 mzunguko ni mikrosekunde 200 tu, na ile moja inashusha sauti kwa karibu senti 9 (oktava moja ina senti 1,200). Dawa inajulikana: rezista ndogo iliyounganishwa mfululizo na kapasita, mbinu inayoitwa kwa jina la Sergio Franco, au trima (rezista ndogo inayorekebishwa kwa bisibisi) ya masafa ya juu. Kapasita ya bei ghali isiyojali joto haitasaidia chochote hapa.

Naelewa kwa nini watu huchanganya, kwa sababu kuna mahali mambo haya mawili yanakutana. Ili volti igeuke oktava, osileta hutegemea transista, ambayo mkondo wake huongezeka maradufu kwa kila milivolti 18 hivi katika joto la kawaida la chumba. Lakini hizo 18 si za kudumu. Huongezeka kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Chumba kikipata joto, oktava zote zinabana. Noti iliyo oktava 5 kutoka kwenye noti ya msingi itakosea kama senti 20 kwa digrii moja, wakati noti ya msingi yenyewe imetulia. Kutumia jozi ya transista zinazofanana huondoa kosa jingine la joto, lile linalosogeza noti zote pamoja, lakini hili la kubana linabaki.

Hapo mbunifu lazima achague. Rezista inayobadilika kwa joto ni rahisi, ila sharti iguse transista, la sivyo inapima hewa. Kampuni ya Fairchild waliweka hita ndani ya saketi yao ya μA726 ili jozi ya transista ikae kwenye joto moja. Uthabiti ukapatikana, lakini kwa kula umeme na kusubiri ipate moto. Mbunifu wa chipu Doug Curtis alifidia joto ndani ya chipu yenyewe ya osileta, CEM3340, na sintesaiza ya Prophet-5 ya toleo la tatu ikaitumia.

Kwa hiyo kabla ya kusema osileta ina drifti, iache iwake nusu saa kwanza, kisha pima noti ya msingi na noti ya mbali, na uzipime tena baadaye. Zote mbili zikirudia kosa lilelile, hiyo ni trakingi, chukua bisibisi ugeuze trima. Kosa likiwa limebadilika bila wewe kugusa kitu, basi hiyo ndiyo drifti.