Fumbo la ujangili: kisa cha kweli kinavyogeuka kuwa riwaya

Fumbo la ujangili ni hadithi ya upelelezi ambayo kosa lililo kiini chake limetendwa dhidi ya wanyamapori, na kosa lenyewe limechotwa katika mambo yaliyowahi kutokea. Yupo mhusika anayeusaka ukweli, msomaji anausaka pamoja naye, na dalili zote zimo mle ukurasani kwa aliye makini. Hadithi ya mwindaji na askari wakifukuzana porini, hata ikisisimua namna gani, bado si fumbo. Lazima pawe na jambo lililofichwa.

Waandishi wengi tunajikwaa hapo, maana tunadhani lililofichwa ni jina la muuaji. Binadamu akiuawa, swali la nani alimuua linaweza kubeba riwaya nzima. Ndovu akiuawa, aliyerusha mshale mara nyingi ni fukara fulani ambaye kijiji kizima kinamjua. Ukimtaja katika sura ya pili hujafumbua chochote. Maswali yenye uzito ni mengine: nani alimtuma? Pembe zililala nyumba ya nani usiku ule? Nani alitia sahihi karatasi iliyosema kwamba ndani ya kontena mna majani chai tu? Mei 2015 wakaguzi wa Singapore walikuta takriban tani 3.7 za pembe za ndovu ndani ya shehena ya chai iliyotoka Kenya. Magunia yale kuna aliyeyapakia, kuna aliyeyapima, kuna aliyeyafungia lakiri. Fumbo liko kwenye mikono hiyo.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hadithi ya aina hii ni ya mji zaidi kuliko ya pori, na sijui mji unaoifaa kuliko Nairobi. Mbuga yetu imekuwa pale tangu 1946, na ukisimama ndani yake unaona maghorofa. Katika mbuga hiyohiyo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe Julai 1989, na tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawasha moto mkubwa zaidi, wa tani 105. Hapa ndipo penye uwanja wa ndege, bohari za kontena za Embakasi, magodauni ya Industrial Area, na mahakama.

Chukua kisa cha sisimizi. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa wakiwa na sisimizi malkia wapatao 5,000, wamewekwa kwenye vichupa zaidi ya 2,000 vyenye pamba ya kuwahifadhi hai safarini. Mkenya mmoja na Mvietnamu mmoja walishtakiwa pia kwa sisimizi wengine. Mei mwaka huo mahakama iliyoko uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Malkia hao wana wanunuzi Ulaya na Asia, watu wanaofuga sisimizi kwenye vioo ili kuwatazama wakijenga makoloni.

Ukikiandika kama kilivyo, umeandika habari, na magazeti yalishaiandika. Kukigeuza ni kuuliza nani angeweza kuona kitu kabla ya polisi. Mimi ningeanzia kwenye duka la vifaa vya hospitali, River Road. Mama mwenye duka anauza vichupa kila siku. Wateja wake ni maabara na kliniki, na anayenunua vichupa hununua pia glavu na sindano. Leo amekuja kijana anayetaka vichupa elfu moja na pamba nyingi. Glavu hataki, sindano hataki. Anauliza kama kifuniko kinaweza kutobolewa bila kupasuka. Kisha analipa, na ujumbe wa M-Pesa unaingia kwenye simu ya mama ukiwa na jina la kike.

Hadi hapo sisimizi hajatajwa hata mara moja, ila msomaji ameshikwa. Tena kila dalili imetoka katika kisa cha kweli: pamba, idadi, haja ya kiumbe kupata hewa. Kilichobuniwa ni jicho lililoona. Kwangu huo ndio moyo wa dhana hii: unaazima jinsi kosa linavyotendeka, watu unawaumba mwenyewe.

Mwaka nao unauchagua kwa uangalifu, kwa sababu sheria hubadilisha woga wa wahusika. Sheria ya wanyamapori ya 2013, ilipoanza kutumika Januari 2014, ilileta faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini. Mwezi huohuo mtu aliyenaswa na pembe ya kilo 3.4 alitozwa milioni 20 hapa Nairobi. Mwanabodaboda anayeombwa kupeleka kifurushi Eastleigh mwaka 2012 na anayeombwa mwaka 2014 hawawezi kutetemeka sawasawa.

Kuna mpaka ambao nauheshimu sana. Mwaka 2016 mahakama ya Mombasa ilimhukumu mfanyabiashara mmoja miaka 20 kwa pembe zenye uzito wa zaidi ya tani mbili. 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia huru kwenye rufaa. Mwandishi hana ruhusa ya kumfunga upya kwa kumpachika jina jingine. Vilevile Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyefuatilia masoko ya pembe kwa miaka mingi, alikutwa ameuawa nyumbani kwake mtaa wa Karen, hapa Nairobi, Februari 2018. Kifo kile kina jamaa wanaokililia, na kukitumia kama chambo cha sura ya kwanza ni kuwaumiza.

Katika kikundi chetu cha waandishi, mwenzetu mmoja alileta mswada ambao adui yake alikuwa na gari, ofisi na hata kigugumizi cha mtu tuliyemjua sote. Tulimtambua ukurasa wa pili. Tulimsihi amtoe, na alikasirika wiki mbili nzima. Aliporudi, adui alikuwa ametoweka; mahali pake pamekaa mpima mizigo wa makamo, mwanamke mpole anayejua kwamba gunia la chai la kilo hamsini halipaswi kuhitaji wanaume watatu kulinyanyua. Anaandika hamsini kwenye daftari, analifunga, anawatengenezea wapagazi chai.