Ributi katika katuni ni nini? Tuitazame G.I. Joe

Hadithi za Sungura hazijawahi kuhitaji ributi. Leo kanaswa na Simba, kesho yuko shambani kwa watu akiiba karanga, na hakuna mtoto anayeuliza alitokaje. Kila paukwa ina mwanzo wake.

Katuni za mfululizo za Marekani hazikujengwa hivyo. Jeraha la toleo la 20 linatakiwa likumbukwe toleo la 90. Miaka ikipita, mzigo huo unakuwa mkubwa mno, na msomaji mgeni anajiona kama mtu aliyeingia kikaoni watu wakiwa wanafunga. Ndipo waandishi wanapofuta yote yaliyokwisha kutokea na kuanza kusimulia tangu mwanzo, wahusika wakiwa hata hawajakutana. Hiyo ndiyo ributi, neno lililotoka kwenye kompyuta inayozimwa na kuwashwa tena. Majina na sura hubaki. Kinachofutwa ni historia.

Wengi wakiona namba 1 kwenye jalada hudhani ni ributi. Si lazima, na mfululizo wa kijeshi wa G.I. Joe unaonyesha vizuri kwa nini. Jina hilo lilianza mwaka 1964 kama mwanasesere wa askari wa kampuni ya Hasbro. Mwaka 1982 wachapishaji Marvel walianza kuchapisha katuni yake, sehemu kubwa ikiandikwa na Larry Hama, ambaye mwenyewe alikuwa askari wa Marekani katika vita vya Vietnam. Ilikoma mwaka 1994 kwenye toleo la 155. Mwaka 2001 kampuni nyingine, Devil's Due, wakatoa namba 1, lakini wakaendeleza hadithi ya Marvel: maadui ni walewale, makovu ni yaleyale. Huo ni mwendelezo uliobadilishiwa namba. Ributi yenyewe ilikuja na kampuni ya IDW mwanzoni mwa 2009, walipoisimulia vita ya kikosi cha G.I. Joe na maadui wao, magaidi wa Cobra, kana kwamba haijawahi kupiganwa. Mwaka uliofuata IDW haohao wakamrudisha Hama aendelee pale alipoachia, wakaifikisha hesabu ya zamani hadi toleo la 300.

Sasa kazi iko kwa wachapishaji Skybound, na mambo mawili yanakwenda sambamba. Hama anaendelea kuanzia namba 301, iliyotoka Novemba 2023. Pembeni yake kuna ributi ambamo G.I. Joe wanaishi dunia moja na Transformers, maroboti yanayojigeuza magari na ndege. Msomaji anayetaka kuanza achukue ya pili. Akichukua 301 atapotea, na hilo si kosa la mwandishi.

Mimi naipenda ributi hii kwa sababu haina pupa. Katika toleo la kwanza la mwaka 1982, kikosi kipo tayari na kinatumwa kumwokoa mwanasayansi aliyetekwa. Katika ributi, kikosi hakipo kabisa. Mfululizo mfupi wa Duke, ulioandikwa na Joshua Williamson na kuchorwa na Tom Reilly, unaanza na askari aliyeona ndege ya kivita ikigeuka jitu la chuma na kumuua mwenzake, na wakubwa wake hawamwamini. Kisha wahusika wengine, Cobra Commander, Scarlett na Destro, nao wakapewa mifululizo yao mifupi. G.I. Joe namba 1 ilitoka Novemba 2024 tu, karibu mwaka mzima baada ya Duke.

Kwa hiyo anayehakiki matoleo ya namna hii ana swali la kwanza la kujibu: je, mtu asiyemjua yeyote anaweza kuingia na kuelewa nani anataka nini, na kwa nini? Duke inafaulu, maana kutoaminiwa ni uchungu usiohitaji historia ya miaka 40. Swali la pili ni gumu zaidi kwetu tuliosoma za zamani. Toleo la 21 la mwaka 1984 lilimfuata Snake Eyes, komando wa kikosi hicho, tangu mwanzo hadi mwisho bila neno hata moja la mazungumzo, na kila nikifungua toleo jipya naona mkono unataka kulipima kwa lile. Si haki. Snake Eyes wa ributi hajafika huko bado. Apimwe kwa kurasa alizopewa yeye.