Kabla ya Kutafuta Antivairasi ya Bure, Fungua Ile Uliyonayo

Wiki moja kabla ya mitihani ya muhula, mama mmoja mwalimu wa sekondari aliingia kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa chuoni, Tabora mjini, flashi mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mitihani yangu imeliwa." Alikuwa ametoka steshenari kuchapisha. Nilipoichomeka ile flashi, folda zake zote zilikuwa na kishale kidogo pembeni, na kila moja ilionyesha ukubwa wa kilobaiti moja au mbili tu.

Mitihani haikuwa imeliwa. Kirusi cha aina hii huyaficha mafaili halisi, halafu huweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya ukidhani unafungua folda yako, unakiamsha chenyewe. Kinaingia kwenye kompyuta, na tangu hapo kila flashi itakayochomekwa humo inaondoka nacho. Tulikifuta, tukayafichua mafaili kwa amri ya attrib, mama akapata mitihani yake yote. Alipofika mlangoni akageuka: "Sasa ninunue antivairasi gani, na mshahara wenyewe ndio huu?"

Nilimjibu hivi: usinunue, na wala usianze kuhangaika kupakua. Kama kompyuta yako ya nyumbani inatumia Windows 10 au 11, ulinzi umo ndani tayari. Unaitwa Microsoft Defender, hauna malipo wala tarehe ya kuisha. Zamani sisi mafundi tuliidharau antivairasi ya Microsoft, na kwa haki, kwa kuwa ilishika mkia kwenye majaribio. Hali imebadilika. Maabara huru zinazopima programu hizi, AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, kwa miaka kadhaa sasa zimekuwa zikiipa Defender alama zinazokaribiana na za programu za kulipia.

Iangalie leo. Bofya kitufe cha Windows, andika Windows Security, fungua, uingie sehemu ya virusi. Tazama mambo mawili: ulinzi wa muda wote uwe umewashwa, na tarehe ya sasisho la mwisho iwe ya siku hizi. Hiyo tarehe ndiyo inayonisikitisha kila ninapokagua kompyuta za watu. Nyingi zimezimwa masasisho ili kuokoa bando la simu, na antivairasi isiyosasishwa haivijui virusi vilivyotoka baada ya hapo. Kama nyumbani huna intaneti, ipo njia. Microsoft huweka kwenye tovuti yake faili la masasisho ya Defender linaloitwa mpam-fe.exe. Lipakue mahali penye mtandao, chuoni au ofisini, ulibebe kwa flashi safi na ulifungue kwenye kompyuta yako. Hakikisha umechukua la 64-bit au la 32-bit, kulingana na Windows yako.

Laptopu nyingi zinauzwa zikiwa na antivairasi ya majaribio. Mwezi ukiisha inaanza kudai pesa kila unapowasha. Iondoe kabisa, uwashe kompyuta upya, Defender itashika zamu yake yenyewe. Na usiweke mbili zifanye kazi pamoja; zitagombana, na kompyuta yenye RAM ndogo itakuwa nzito kupindukia.

Wapo watakaotaka nyingine ya bure. Si vibaya, ila jiulize kampuni inapata wapi fedha. Mara nyingi inategemea kwamba siku moja utalipia toleo kubwa, ndiyo maana matangazo hayaishi. Mara nyingine bidhaa ni wewe mwenyewe. Avast ilikuwa na kampuni tanzu, Jumpshot, iliyouza kumbukumbu za tovuti wanazotembelea watumiaji. Ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Leo Avast, AVG, Avira na Norton zote ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital, kwa hiyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine si kuhama sana. Mimi, kama ningelazimika kuchagua nje ya Defender, ningechukua toleo la bure la Bitdefender. Yoyote utakayochagua, ipakue kwenye tovuti ya mwenye nayo. Usichukue ya kuazima kwenye flashi ya rafiki, wala ile inayokurukia kwenye skrini ikipiga kelele kwamba una virusi 12.

Kuna jambo moja ambalo naomba mnielewe vizuri. Fundi akikuwekea programu ya kukreki, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure, iwe Windows yenyewe au ya kuhariri video, kisha akasema "tuzime Defender kwanza, inasumbua," mzuie hapo hapo. Haisumbui, inafanya kazi yake. Nimeona kompyuta iliyofungwa mafaili yote na kirusi, picha za harusi na taarifa ya utafiti ya mtoto wa chuo zikiwa humo, na tatizo lilianzia kwenye kreki ya namna hiyo.

Wenye Windows 7, usaidizi wake ulikoma Januari 2020. Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imeahidi kuendelea kuilisha Defender yake masasisho ya virusi hadi Oktoba 2028, lakini hayo hayazibi matundu ya mfumo wenyewe. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017, kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Kama laptopu yako inaweza kubeba Windows 11, hamia.

Ukirudi kutoka steshenari, chomeka flashi lakini usiifungue. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuikagua kwa Defender, subiri imalize. Yule mama sasa ana flashi mbili. Moja huibeba steshenari ikiwa na faili la siku hiyo tu, na nyingine, yenye mitihani na maandalio yake yote ya masomo, haitoki nyumbani.