Je, wajua? Mdomo sungura wa binadamu haupasuki katikati, na ndo maana taya linaonekana limeenda upande

Mcheki sungura vizuri, mdomo wake wa juu umegawanyika katikati kabisa, chini ya pua. Sasa mtoto aliyezaliwa na kile tunachokiita mdomo sungura mara nyingi mwanya wake hauko hapo, uko pembeni kidogo, chini ya tundu moja la pua, na wa kushoto ni kama mara mbili ya wa kulia. Yaani jina lenyewe tumekosea, na huo upembeni ndo unajibu swali ambalo watu wanaona aibu kuuliza: mbona taya lake kama limepinda?

Iko hivi. Uso wa mtoto tumboni unaungwa kwa vipande, cha katikati kinashuka toka juu na vya pembeni vinakuja kukutana nacho. Mdomo unaungana kati ya wiki ya 4 na ya 7, kaakaa, yaani dari la ndani ya mdomo, linafuata (muda huo mama wengine hata hawajajua wana mimba, kwa hiyo zile lawama za sijui alishika kisu tuachane nazo). Upande mmoja usipoungana, msuli unaozunguka mdomo, ambao kawaida ni duara kama lastiki ya kaptula, unakuwa umekatika, basi upande usio na mwanya unavuta fizi na pua kwake, na kile kipande kifupi cha taya la juu upande wa mwanya kinadidimia ndani, tundu la pua nalo linalala.

Cha ajabu taya la chini kwa sehemu kubwa halina kosa! Likionekana limeenda upande, mara nyingi ni kwamba meno ya juu hayakutani nalo vizuri, mtu anapofunga mdomo analisogeza ili apate pa kutafunia.

Halafu kuna kovu. Madaktari waliwapima watu wazima Sri Lanka ambao hawajawahi kufanyiwa operesheni, wakakuta taya la juu limekuja mbele vizuri tu, wakati kwa wengi walioshonwa utotoni linabaki nyuma, maana kovu halinyumbuki kama nyama ya kawaida. Lakini usije ukamficha mtoto ndani kwa sababu hiyo, kama mwanya umefika kwenye kaakaa na lisipozibwa mapema matamshi yanaharibika na kuyanyoosha ukubwani ni shughuli. Ndo maana wanaenda kwa awamu: mdomo kwenye miezi 3 hadi 6, kaakaa kabla ya miezi 18 hivi, akifika miaka 8 mpaka 11 wanachukua mfupa kidogo nyongani wanajazia mwanya wa fizi ili jino la chonge lipate pa kuotea, baadaye waya za meno, na yule ambaye taya la juu bado liko nyuma anasubiri amalize kukua ndo linakatwa na kusogezwa mbele.