Kipa wa hoki huchelewa kuiva

Jumamosi moja asubuhi, kwenye uwanja wa barafu hapa Minnesota, nilimtazama kocha akiwapanga watoto. Wenye mbio mbele, wenye miili nyuma, akabaki mmoja aliyeng'ang'ania ukuta asianguke. "Wewe kaa golini." Huyo ni mtoto wa dada yangu. Wakamvalisha pedi zilizomfika mapajani, akawa anatembea kama aliyefungiwa godoro kila mguu.

Asiyejua kuteleza ndiye akae golini: dhana hii naisikia kila msimu, na ni kinyume kabisa. Ni kweli kipa haendi mbali. Lakini hutoka mlingoti huu hadi ule, hufunga breki ghafla, hupiga magoti na kuinuka, tena na tena mechi nzima, na mzigo ule wote mwilini. Kipa mzuri huwa miongoni mwa watelezaji bora wa timu yake. Kwa watoto wa miaka 8 kushuka chini, USA Hockey, shirika linalosimamia hoki Marekani, inahimiza wapokezane goli, kila mmoja aonje, badala ya kumfungia mmoja humo.

Dhana ya pili ni ya watazamaji: kwamba kipa ni wepesi wa mikono tu. Hebu tupige hesabu. Shuti la kilomita 140 kwa saa, likipigwa kutoka mita 10, linafika ndani ya robo sekunde hivi. Jicho na ubongo vinakula sehemu kubwa ya muda huo kabla mkono haujaanza kusogea. Kwa hiyo mashuti mengi huokolewa kabla hayajapigwa, kwa sababu kipa alishafika mahali pake. Goli lina upana wa sentimita 183 na kimo cha 122. Kipa akiganda kwenye mstari, mpigaji anaona nyavu kushoto na kulia. Akisogea mbele mita moja, nyavu zinapungua machoni pa mpigaji. Ila ajipange kwa kufuata kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira, si mwili wa mpigaji, maana kisahani kiko kwenye ncha ya gongo, pembeni kabisa.

Niliwahi kumwona mwalimu wa makipa akifunga kamba mbili, moja kila mlingoti, akazikutanisha kwenye kisahani, kisha akamwambia mtoto asimame katikati yake. Kisahani kikihama, kamba zinahama, na mtoto anahama nazo. Dakika 20 hazikupigwa shuti hata moja. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba pesa zao zinaliwa. Mimi niliona ndiyo somo bora la mwezi ule.

Urefu? Unasaidia, na makipa wengi wa NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, ni warefu. Lakini Juuse Saros, kipa wa timu ya Nashville, ana sentimita 180 tu, na anaaminiwa kama namba moja.

Sasa tuje kwenye drafti, si ile ya vizibo vya soda kijiweni, bali siku ambayo timu za NHL huchagua vijana kwa zamu. Watu wanaamini kipa anayetajwa mapema ndiye atakayekuwa bora. Mwaka 2000 New York Islanders walimchukua Rick DiPietro namba 1, na ili kumpa nafasi wakamwachia Roberto Luongo aende Florida. Majina 204 baadaye, majirani zao Rangers wakamwita Msweden Henrik Lundqvist. DiPietro aliandamwa na majeraha. Lundqvist na Luongo wote wawili wameingia Jumba la Heshima la hoki. Sisemi kumchagua kipa mapema ni upumbavu, maana Marc-André Fleury, namba 1 wa 2003, ametwaa Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, mara tatu. Ninachosema ni kwamba kumtabiri kipa wa miaka 18 ni kama kupima mvua kwa kutazama wingu.

Timu inayojua hivyo hupanda wengi na kusubiri. Nashville walimchagua Pekka Rinne mwaka 2004, wa 258, katika raundi ya 8 ambayo leo hata haipo. Kwao Oulu, Finland, alikuwa kipa wa benchi, na msaka vipaji alilazimika kumtazama zaidi wakati wa kupasha misuli. Akapelekwa Milwaukee, ligi ya chini, misimu mitatu. Alipoanza kulishika goli la Nashville alikuwa na miaka 26, na tuzo ya Vezina ya kipa bora aliipata 2018 akiwa na 35. Katikati ya enzi yake, 2013, wakamchagua Saros. Naye akaiva polepole nyuma ya Rinne, akawa namba moja msimu wa 2020–21. Mwaka 2020 wakaongeza Yaroslav Askarov, namba 11. Saros aliposaini mkataba mrefu 2024, Askarov akauzwa San Jose. Foleni ikisogea vizuri, hata anayetoka anaacha kitu.

Na wale wasemao kipa mmoja mzuri anatosha, wawaulize timu ya Vegas. Msimu wa 2022–23 walitumia makipa watano. Mechi za mtoano zilianza na Laurent Brossoit. Alipoumia, akaingia Adin Hill, aliyepatikana kwa kubadilishana na zamu moja tu ya kuchagua katika raundi ya 4 ya drafti, na kombe likaenda Vegas.

Mfano unaopendwa kuliko yote ni wa David Ayres, miaka 42. Februari 22, 2020, mjini Toronto, makipa wote wawili wa Carolina, waliokuwa wageni wa timu ya Toronto, waliumia, naye akaitwa kutoka jukwaani. Wengi husimulia kwamba dereva wa mashine ya kusafisha barafu alicheza NHL, basi kumbe yeyote anaweza. Husahau kwamba alikuwa akidaka mazoezini mwa Toronto hao hao na timu yao ya ligi ya chini. Mashuti mawili ya kwanza yaliingia. Carolina wakakaza ulinzi, mashuti yakaja machache, na manane yaliyobaki akayaokoa yote. Wakashinda 6–3.